Mkebe, mkweche, gari lililochapa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majina ya magari makuukuu Nairobi

Magari mengi yanayopita barabara za Nairobi yalianza maisha yao mahali pengine, na yakifika hapa huendeshwa mpaka yachoke kweli. Kadiri gari linavyozeeka ndivyo linavyobadilishiwa jina. Jina hilo hueleza hali ya gari, na pia hueleza jinsi msemaji anavyomchukulia mwenye gari, na kwangu hilo la pili ndilo zito zaidi. Majibu yafuatayo ni ya mgeni wa mji, mwanafunzi anayeandika insha, na yeyote anayetafuta gari lake la kwanza ambaye hataki kudanganywa na maneno ya muuzaji.

Neno gani husikika zaidi mjini?

Mkebe. Aliyewahi kusikia gari lililolegea bodi likivuka matuta ya mtaani haulizi jina hilo lilitoka wapi. Mtu akisema "hii si gari, ni mkebe", mara nyingi anazungumzia bodi: mlango usiofungika mpaka ubamizwe, bampa iliyoshikiliwa na waya, kioo kilichobanwa kwa kipande cha kadibodi kisiporomoke. Injini huenda ikawa nzima kabisa. Wako watu wanaoendesha mikebe kutoka Kayole hadi Westlands kila siku ya kazi na hawachelewi.

Neno hili lina sura mbili. Likitoka kwa mwenye gari, aghalabu hubeba mapenzi: "kamkebe kangu kananifikisha." Hiyo ka- ya Nairobi hupunguza ukali na kuongeza huruma. Likitoka kwa mtu mwingine, hasa mbele ya abiria au wakwe, ni dharau. Nitalirudia jambo hili chini kwa sababu linaumiza watu kuliko tunavyokubali.

Na mkweche?

Hili ni neno la Kiswahili sanifu lenye maana hiyohiyo: chombo kikuukuu, hasa gari, kinachotembea kwa shida. Utalikuta katika insha za shule, magazetini na katika mazungumzo ya watu waliokulia mwambao au Tanzania. Katika kituo cha matatu Nairobi halisikiki sana, lakini hakuna atakayeshindwa kukuelewa. Mwanafunzi anayeandika insha ya safari iliyoharibika alitumie bila wasiwasi.

Kuukuu, kongwe, chakavu na bovu si mamoja?

Hapana, na anayeyachanganya hukosea haki.

Gari bovu ni lililoharibika. Linaweza kuwa la mwaka jana. Likikataa kuwaka asubuhi, ni bovu. Gari chakavu limelika: viti vimepasuka, rangi imebabuka, kutu imetafuna chini ya milango. Gari kuukuu limezeeka na kutumika sana, ila bado lina kazi yake.

Kongwe ni neno la heshima. Lina umri, lakini lina hadhi. Kila mwaka huko Ngong Racecourse hufanyika Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza 1970, ambamo wenye magari na pikipiki hupewa alama kwa usafi, rangi, injini na namna chombo kilivyotunzwa. Humo utaona gari la miaka hamsini linalong'aa kuliko lililoshushwa melini juzi. Vilevile tangu 2003 kuna mbio za Safari Rally za magari ya zamani, ambazo huyapeleka magari ya enzi za babu zetu kwenye vumbi na mawe yaleyale yaliyoyapa sifa. Ukimwita mmoja wa madereva hao mwenye mkweche, utakuwa umekosa adabu na umekosa ukweli pia.

Kwa ufupi, umri peke yake haulifanyi gari kuwa mkebe. Matunzo ndiyo huamua.

Sheng ina majina gani?

Wengi hudhani Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, imejaa majina ya magari mabovu. Ninavyoisikia mimi, ina majina mengi ya gari lolote lile, kisha huongeza sifa. Gari ni ndai, ni dinga, ni moti. Likichoka husemwa "imechapa". Kwa hiyo "ndai imechapa" ni gari lililochakaa, na "hiyo moti imeisha" ni gari ambalo hata fundi ameanza kulikatia tamaa.

Tahadhari kwa mgeni: Sheng hubadilika haraka, na neno la Dandora si lazima liwe la Lang'ata. Sikiliza kwanza wenyeji wanasemaje ndipo nawe useme.

"Gari iko juu ya mawe" maana yake nini?

Zunguka Buruburu, Umoja au mtaa wowote wenye nyumba za zamani utaliona: gari limetolewa magurudumu, likaegeshwa juu ya mawe manne ya ujenzi, kando ya ukuta, vumbi limejaa kwenye kioo cha mbele. Hilo ndilo gari lililo juu ya mawe. Wakati mwingine magurudumu yameuzwa ili kulipa karo. Wakati mwingine mwenyewe ameyahifadhi ndani ya nyumba yasioze wala kuibwa, akingoja pesa ya kununua injini nyingine.

Siku hizi usemi huu hutumika hata kama gari lingali na magurudumu yake yote. Bei ya mafuta ikipanda utasikia mtu akisema, "Nimeiweka kwa mawe mpaka mwisho wa mwezi," yaani ameacha kuliendesha. Umehamia pia kwa watu: aliyeishiwa husema yuko juu ya mawe.

Ninapenda usemi huu kwa sababu hausemi gari limekufa. Gari lililo juu ya mawe linangoja. Wapo waliongoja miaka na hatimaye wakashuka.

Mafundi wa Grogan hutumia maneno gani?

Rasmi ni Kirinyaga Road, lakini mji mzima bado huiita Grogan. Pale, kando ya Mto Nairobi, vipuri vimening'inizwa madukani kuanzia chini hadi darini, na nje kuna mafundi wenye ovaroli zilizolowa oili, kila mmoja na spana boi wake anayejifunza kazi. Maneno yao ni muhimu kuyajua, kwa maana yana taarifa. Mtu wa kawaida husema "gari limeharibika" na kuishia hapo. Fundi husema limeharibika nini.

"Imenoki" ndilo neno linaloogopwa kuliko yote. Oili ikipungua au ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, beringi za ndani ya injini hulika, vyuma vikaanza kugongana, na utasikia ngo-ngo-ngo inayoongezeka unapokanyaga mafuta. Injini iliyonoki hufunguliwa yote ifanyiwe ovahoo, au hutolewa na kuwekwa nyingine iliyoletwa kutoka Japani. Kwa gari la bei ndogo, gharama hiyo huweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Mikebe mingi iliyo juu ya mawe ilifika hapo kwa mlango huu.

"Inakula oili" maana yake oili hupenya mahali pistoni na ringi zake zilipolika, ikaungua pamoja na petroli. Dalili yake ni moshi wa rangi ya samawati kutoka kwenye ekzosi. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto mara nyingi huonyesha kuwa maji yanaingia kwenye injini, na wa kwanza kushukiwa ni hedi gasketi, kizibo kilicho kati ya sehemu ya juu ya injini na bloku yake. Moshi mweusi kwenye gari la petroli ni mafuta yanayoingia kupita kiasi. Ukijua rangi hizi tatu tu, utaongea na fundi mkiwa mmesimama sawa.

"Inachemsha" ni gari linalopata joto kupita kiasi. Wenye magari ya aina hiyo hubeba mtungi wa maji kwenye buti, hasa wakitoka Mai Mahiu na kupanda kuelekea Limuru. Naomba sana: usifungue kifuniko cha redieta injini ikiwa bado moto. Maji yale hutoka kwa nguvu, na yameunguza watu uso.

"Imejaa fila" ni habari ya bodi. Palipobonyea au kuliwa na kutu pamezibwa kwa uji mzito unaogandishwa, ukasuguliwa na kupakwa rangi. Kwa macho huoni kitu. Beba kisumaku kidogo, kikiwa kimefungwa kwa kitambaa kisichubue rangi. Penye fila nene hakitashika vizuri.

Kuna na maneno mepesi. Tairi iliyoisha ni kipara. Gari linaloacha mstari ukilegeza usukani "linavuta". Linalowaka kwa taabu "linakohoa". Na kuna lile la "kulala njiani", ambalo halihitaji maelezo kwa aliyewahi kuliacha gari kando ya Thika Road usiku akaondoka kwa miguu kutafuta msaada.

Mazungumzo ya kawaida pale huenda hivi:

"Fundi, itaamka leo?"

"Itaamka, mzee. Betri ndiyo imelala, na stata nayo imeanza kuchoka. Nipe mpaka saa kumi."

Utaona fundi hasemi mkebe. Kwa muda wote ambao nimekaa nikisikiliza mafundi wakizungumza, jina hilo hutoka kwao mara chache mno. Gari ni mgonjwa wao, na mwenye gari ni "mzee" au "mathee" hata kama lile gari halina mlango mmoja.

Matatu iliyozeeka huitwaje?

Matatu zenyewe zilianza zikiwa mikebe, kwa hiyo hapa historia inafaa. Jina linatokana na nauli ya senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi, na magari ya mwanzo yalikuwa magari madogo ya mizigo yaliyochoka yaliyogeuzwa ya abiria. Serikali iliyachukulia kama ya magendo mpaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu yabebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Baadaye zikaja zile za "face-me", ambamo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana, magoti yakigusana. Mwaka 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki ziliingiza vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama na mstari wa manjano, na magari mengi yaliyokuwa yamechoka hayakuweza kuvuka mtihani huo.

Leo gari la kung'aa, lenye michoro na muziki, ni nganya. Likizeeka hubaki kuwa mathree tu, au jav. Hushushwa hadhi taratibu: linatolewa kwenye njia yenye ushindani mkali, kama ya Rongai, na kupelekwa kwenye njia tulivu zaidi au mashambani, michoro yake ikiwa imefifia. Abiria hulitambua. "Hii ilikuwa nganya," husema, na katika hiyo "ilikuwa" mna masikitiko ya kweli.

Kwa nini watu hutaja namba ya usajili wakitaka kusema gari ni kuukuu?

Kwa sababu herufi zake hufuata wakati. Mtindo wa KAA, wenye herufi moja zaidi mwishoni, ulianza 1989. KBA ikafika 2007, KCA 2014, na KDA 2020. "Bado anaendesha KA" maana yake gari limekuwa Kenya kwa muda mrefu. Lakini namba huonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, wala haionyeshi liliundwa lini. Magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa moja KBX na jingine KCC.

Inakuwaje gari lililotumika Japani miaka saba liitwe jipya?

Sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na wanunuzi wengi hutafuta lililo karibu na mpaka huo kwa sababu ndilo rahisi. Hivyo katika lugha ya Nairobi "mpya" ni gari ambalo halijaendeshwa na Mkenya. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee, na wauzaji wanaijua methali hiyo hata kama hawaitamki. Gari la umri uleule lililotunzwa vizuri hapa nchini, lenye risiti zote za matengenezo, huuzwa kwa bei ya chini. Naona huo ni uonevu kwa gari na hasara kwa mnunuzi asiyechunguza.

Peugeot 504 na Volkswagen za zamani ni mikebe?

Mtu asikudanganye. Volkswagen ilishinda Safari Rally ya kwanza kabisa, 1953. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka ya sitini, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kushindanishwa kabla hajaipata. Mkenya yule alikichukua chombo kilichotumika, akakitengeneza, akawapita waliokuja na magari mapya ya viwandani.

Nje ya mashindano, Peugeot 504 zile ndefu ziliwabeba watu kwenda mashambani kwa miaka mingi, zikipakia abiria mpaka nyuma kabisa. Familia nyingi zina picha moja iliyopigwa mbele ya gari hilo. Walioliendesha huongea juu yake kwa sauti nyingine. Liite gari la zamani au kongwe. Likiwa limeachwa kwenye majani nyuma ya nyumba limejaa kuku, hapo sawa, ni chakavu. Lakini hata hapo muulize mwenyewe kwanza.

Je, ni sawa kumwambia mtu gari lake ni mkebe?

Akianza yeye, cheka naye. Usianze wewe.

Watu wengi mjini hununua gari la kwanza kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, wakalilipia miaka mitatu au minne. Gari hilo ndilo lililompeleka mama kujifungua usiku wa mvua, likabeba magodoro siku ya kuhama, likampeleka mtoto shule ya bweni na sanduku lake. Kumwambia mtu huyo "bado unaendesha huu mkebe?" ni kumwambia kazi yake yote haikuonekana. Nimewaona watu wazima wakinyamaza baada ya kuambiwa hivyo kwenye harusi, mbele ya watoto wao, na sikuona lolote la kuchekesha.

Na ndiyo maana ushauri wa "uza hiyo, chukua ingine" hutolewa haraka mno. Usiache mbachao kwa msala upitao: mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako. Gari lisilo na deni, ambalo unajua kila ugonjwa wake, lina thamani ambayo jina mkebe haliioni.

Ukipewa lifti, maneno yanayofaa ni machache: "Asante sana, mzee, umenifikisha." Ukitaka kulisifu gari, sema "injini bado iko sawa" au "limekutumikia". Mwenye gari kuukuu akisikia hayo uso wake hufunguka.

Kuna jambo moja ambalo adabu haipaswi kulifunika. Gari lenye breki zilizokwisha, tairi vipara au usukani unaolegea ni hatari kwa wote. Hapo sema wazi, kwa faragha na kwa heshima: "Baba, hizo breki zipeleke kwa fundi kabla ya safari."

Matangazo ya kuuza gari hayatumii maneno haya. Nitajuaje?

Hakuna anayetangaza mkebe. Tafuta maneno yanayokaa mahali pake. "Inatembea" peke yake ni sifa ndogo sana kwa gari. "Inahitaji kazi kidogo" mara nyingi kazi si kidogo. "Injini haijawahi kuguswa" inaweza kuwa kweli, na inaweza pia kumaanisha oili haijabadilishwa. "Bei ya haraka" inataka umuulize muuzaji haraka ni ya nini. Nenda na fundi unayemwamini mwenyewe, usikubali wa muuzaji. Liwashe gari likiwa baridi, maana likiwa limekwisha kupashwa moto huficha mengi. Kisha tafuta rekodi yake kwa namba ya usajili kupitia huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ujue jina la mwenye gari kabla hujatoa hata shilingi.

Gari likifa kabisa huenda wapi, na huitwaje?

Huitwa skrap au vyuma kuukuu, na huuzwa kwa kilo. Kabla ya hapo huchinjwa: taa, milango, gia, viti, kila kitu chenye maisha hutolewa na kuuzwa. Ekseli na magurudumu hupata kazi kwenye mkokoteni unaobeba mboga sokoni. Alumini huyeyushwa. Tairi hukatwa kuwa akala, viatu ambavyo hudumu kuliko vingi vya dukani.

Wingi wa maneno haya ni upi?

Mkebe, mikebe. Mkweche, mikweche. Gari kuukuu, magari makuukuu. Gari kongwe, magari makongwe. Gari bovu, magari mabovu. Kwa "chakavu" utasikia magari chakavu na magari machakavu, na yote hueleweka.